Mishale Miwili ya Mativo

Hii ninayoanza hapa hamtaiamini, na sitawabembeleza. Nimeisimulia matangani, nimeisimulia kwenye foleni ya maji, nimemsimulia hata daktari wa meno akiwa na koleo ndani ya mdomo wangu, na wote walinitazama kama mnavyonitazama nyinyi sasa. Mtu alifungwa jela kwa sababu ya televisheni ambayo hakuiiba, hakuinunua, wala hakujua kama ipo, na televisheni hiyohiyo ndiyo ingemtoa. Bishaneni nami mkimaliza kusoma. Mtakaoniomba radhi, mimi hupokea radhi ikija na soda.

Mtu mwenyewe ni Mativo, mchongaji. Ameketi hapa karibu nami akipiga kijiko msasa, na kila nikijaza ukurasa namsomea, kwa hivyo msidhani nina nafasi ya kudanganya sana.

Tunaishi Mbotela, nyumba za kanjo, yaani za baraza la jiji, ukuta mmoja kati yake na mimi. Ni ukuta mwembamba. Mativo akikohoa, mke wangu huuliza kama mimi ndiye ninayeumwa. Yeye ni mtu wa Ukambani, mwembamba, mpole, hana haraka ya kusema. Mimi ni Bwire, mtu wa Busia, na haraka ya kusema ninayo ya watu wawili, ndiyo maana tumeelewana. Hufanya kazi yake ubaoni mbele ya nyumba, tezo mkononi, vipande vya mbao vimemzunguka kama maganda. Siku moja nilimwambia twiga wake wana shingo fupi. Akamgeuza mmoja, akamwangalia, akasema, "Huyu amekaa kitako."

Juu ya kitanda chake palikuwa na msumari, na kwenye msumari palining'inia uta wa marehemu babake. Chini yake podo la ngozi lenye mishale michache. Sumu hakuwa nayo. Aliiacha kwao, alisema sumu na watoto havilali chumba kimoja. Kila mshale ulikuwa na alama iliyochongwa karibu na manyoya: mistari miwili na mwezi mchanga. Aliwahi kunieleza kwamba kwao kila ukoo una alama yake. Ukimpiga mnyama akakimbia akafia mbali, atakayemkuta ataangalia mshale na kujua nyama ni ya nani. Na ukimpiga mtu kwa bahati mbaya, alama itasema pia. Mtu anayeukana mshale wake, aliniambia, amemkana aliyemzaa. Mimi nilicheka. Nilidhani ni maneno ya kupitisha jioni.

Aliyecheka zaidi yangu ni Mulongo. Mulongo alikaa mkabala nasi, mlango kwa mlango na Mativo. Alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha sabuni, mzee wa kanisa, tena mwenyekiti wa laini yetu, safu yetu ya nyumba, ingawa sikumbuki tulipompigia kura. Ni mtu wa kwetu, hilo niliseme mapema kwa sababu ndilo linaloniuma. Tulitoka upande mmoja, mto mmoja, hata mama zetu waliuza dagaa soko moja. Uta wa Mativo aliuita "bunduki ya Adamu."

"Baba Nthambi," angemwambia, maana mtoto mkubwa wa Mativo ni Nthambi, "siku majambazi wakija na bastola, wewe utawaomba wangoje uvute kamba?"

"Wakiwa na adabu watangoja," Mativo alikuwa akijibu.

Walipendana lakini. Triza, binti wa Mulongo, alipopata homa ya malaria ile mbaya, na babake yuko zamu, Mativo ndiye aliyembeba mgongoni mpaka hospitali. Krismasi walikuwa wakila pamoja. Mkewe Mulongo, Everline, alikuwa akichukua vipande vya mbao vya Mativo kuwashia jiko, na Mativo alikuwa akimwekea vile vikavu kando.

Sasa twende kwenye fujo.

Ilikuwa Julai ya mwaka wa tisini na saba, watu wakidai katiba ibadilishwe kabla ya uchaguzi. Asubuhi Jogoo Road iliimba. Watu walipita na matawi mikononi, wengine na Biblia, na mpaka hapo hakuna aliyekuwa na ubaya. Halafu wale polisi tunaowaita fanya-fujo-uone wakashuka na helmeti zao, na gesi ya machozi ikaingia hadi kwenye sufuria za watu. Waliodai katiba wakakimbia na matawi yao. Waliodai viatu vya bure wakabaki. Kufika mchana maduka kando ya barabara yalikuwa yamefunguliwa na watu wasiokuwa na funguo.

Mimi sikuwa nyumbani. Nilikuwa nimefungiwa Industrial Area, kwenye stoo ninakobeba marobota, mhindi wetu alipofunga geti akasema hakuna kutoka mpaka kutulie. Kama ningekuwa nyumbani hadithi hii ingekuwa fupi sana, mnazijua nguvu zangu. Basi niliyokosa kuyaona niliyapata kwa Mativo mwenyewe, na mengine kwa Everline baadaye, akiwa amechoka kunyamaza.

Nthoki, mkewe Mativo, alikuwa amekwenda Mwingi kwa mamake na watoto. Mativo alikuwa peke yake, amelowesha kitambaa, amejifunga usoni kwa ajili ya gesi, anachonga. Mulongo akatokea anahema, yeye na Everline, wamebeba furushi kubwa la mraba lililofungwa kwa blanketi na kamba ya mkonge.

"Baba Nthambi, tuingize ndani haraka."

"Ni nini?"

"Cherehani ya Mama Triza. Vijana wanapita nyumba kwa nyumba. Mlango wangu unaujua, hata kuku huusukuma. Wako una komeo." Wakaliweka furushi chini, ndani, kando ya mlango. Mulongo akainua macho ukutani. "Na shusha ile dawa."

"Ipi?"

"Uta, ndugu yangu. Uta."

"Bunduki ya Adamu?"

Mulongo hakucheka. Jasho lilikuwa limemshika shati mgongoni.

Mativo hakuuliza zaidi. Kwao kitu cha jirani kikiwekwa kwako hukifungui, hukitikisi, huulizi kina nini. Unakaa nacho. Na aliyekiweka akikuambia ni cherehani, ni cherehani. Alishusha uta, akauvuta mara mbili kuona kama kamba haijachoka, akachagua mishale miwili, akakaa kwenye kigoda akiuangalia mlango. Mulongo na Everline wakajikunyata nyuma ya kitanda.

"Nikipiga nitapiga humu ndani," Mativo aliwaambia. "Nje ni kwa watu wote. Msinisukume nje."

Nataka muyakumbuke maneno hayo. Hakuyasoma katika kitabu chochote. Yule hakimu tutakayemfikia alikuja kuyasema yaleyale kwa Kiingereza, na kwa Kiswahili, na kwa sauti ya mtu aliyesomea.

Hawakukaa sana. Miguu ikasikika, ya vijana kadhaa, na sauti ikasema, "Ni hapa. Toeni hicho kitu."

Mulongo akanong'ona kutoka nyuma ya kitanda, "Wezi hao. Piga."

Komeo likang'oka kwa teke la pili. Kijana mmoja akaingia, wenzake wakabaki kwenye mwanga nyuma yake. Jina lake tulilijua baadaye, Ndolo, utingo wa lori, anakaa Kayole. Mativo anasema kilichomshangaza ni kwamba kijana hakuangalia redio iliyokuwa mezani. Hakuangalia hata uta uliomwelekea. Alikwenda moja kwa moja kwenye furushi kama mtu anayechukua koti lake.

"Weka chini, kijana."

Ndolo ndipo akamwona. Badala ya kuliweka akaliinua mbele ya kifua, akajikinga nalo, akaanza kurudi nyuma. Mativo akaachia. Mshale ukapita blanketi ukazama ndani ya furushi, ukatoa mlio mkavu, tap, kama mtu amegonga beseni la plastiki. Mtu aliyetumia maisha yake kugonga mbao anajua milio. Anasema aliwaza, cherehani hailii hivyo. Lakini hakukuwa na wakati wa kuwaza, kwa sababu mwenzake Ndolo alikuwa anaingia na kipande cha chuma. Mshale wa pili aliuteremsha chini makusudi, ukamshika Ndolo pajani.

Furushi likaanguka. Ndolo akaketi juu ya kizingiti kana kwamba amekaribishwa chai, akaangalia mguu wake, kisha akajiinua, akatoka akichechemea, mshale bado uko pajani. Wenzake walikuwa wamekwisha kuyeyuka. Alijikokota mpaka kwenye mfereji wa laini, pale akina mama wanapochota maji, akaanguka. Mativo alimfuata mpaka mlangoni akasimama. Hakuvuka. Mkitaka kujua mtu alipoteza kesi yake wapi, mimi nitawaonyesha mahali penyewe: pale aliposimama asivuke, na hakuna aliyekuja kusema alisimama.

Alirudi ndani akauchomoa mshale wa kwanza kwenye furushi, akaufuta kwa shati lake.

"Mama Triza," akasema, "nisamehe. Nimetoboa cherehani yako."

Everline akaanza kulia. Mpaka leo sijui kama alilia kwa hofu, au kwa ile samahani.

Mulongo alilibeba furushi lake papo hapo. Mlangoni akamshika Mativo mkono kwa mikono yake miwili. "Umeniokolea nyumba. Siku yoyote, mahali popote, mimi ni shahidi wako. Mungu anasikia." Naye Everline, kwa wema wake, akaleta maji na sabuni ya kiwandani, akaosha kizingiti na sakafu mpaka vikang'aa kuliko siku tulipopewa zile nyumba. Damu yote iliyokuwa ndani ikaenda na maji. Iliyobaki ni ile ya kwenye mfereji.

Asubuhi yake mimi nilikuwa nimerudi. Polisi waliingia kwenye laini wakiwa na mshale umefungwa kwenye gazeti. Afisa mmoja mnene akaufungua, akauinua juu ili sote tuuone, mistari miwili na mwezi mchanga.

"Kijana amelazwa hospitali. Amepigwa akiteka maji. Huu ni wa nani?"

Nawaambia, Mbotela iliangalia viatu. Kulikuwa na watu pale ambao hawajawahi kukubaliana hata juu ya siku ya kufagia, na siku hiyo wote walikubaliana kuangalia viatu. Mama mmoja alikuwa hana viatu akaangalia vidole. Alikuwa amelindwa, Mativo, na laini nzima. Nikamkanyaga mguu asithubutu hata kupumua.

Akautoa mguu wake chini ya wangu, akapangusa vumbi la mbao kwenye suruali, akasonga mbele.

"Ni wangu."

Afisa hakuamini. "Unajua umetoka wapi?"

"Kwenye paja la kijana aliyevunja mlango wangu. Niliutafuta jana jioni sikuuona. Ukiwa umemaliza nao naomba unirudishie, mti wake haupatikani Nairobi."

Nimejaribu kumweleza miaka hii yote kwamba kuna wakati wa alama na wakati wa viatu. Ananiambia kama angenyamaza, mshale ungekuwa hauna mwenyewe, na mtu aliyepigwa na mshale usio na mwenyewe haponi vizuri. Sasa wewe utamjibu nini mtu kama huyo? Walimtia pingu. Walichukua na uta, na podo, na ule mshale mwingine. Nthoki alirudi kutoka Mwingi akakuta msumari mtupu.

Nilimtoa kwa dhamana mimi, kwa barua ya kazi yangu na ulimi wangu, na kesi ikaanza kutembea, tarehe ikisukuma tarehe. Mativo hakuwa na wakili. Karani mmoja wa kortini, mtu mwema, alitueleza jambo lenyewe huku akila mahindi. Mtu akiingia nyumbani mwako kwa nguvu, unaweza kujilinda kwa kiasi cha hatari yenyewe. Akiwa nje, anateka maji, ukampiga, hiyo ni kujeruhi, na utafungwa. "Kesi yako yote," alisema, akamwelekeza Mativo kwa gunzi, "ni mlango. Alikuwa upande huu au upande ule? Nani alikuwa humo ndani na wewe?"

"Mulongo na mkewe."

"Basi lala usingizi."

Na alilala. Mulongo alimhakikishia kila Jumapili baada ya kanisa. "Baba Nthambi, nikisimama pale hata hakimu atalia." Mimi ndiye niliyekuwa na wasiwasi, sijui kwa nini. Labda kwa kuwa Mulongo alikuwa ametia komeo, akaweka mapazia mazito, na sisi tulioingia kwake bila hodi tukawa tunazungumziwa mlangoni. Nikamwendea Mativo nikamwambia, nitasema na mimi nilikuwamo. Nitasema nilikuwa chini ya kitanda, niliona kila kitu, vijana walikuwa kama mia mbili.

"Hukuwepo, Bwire."

"Mashahidi wawili ni wazuri, watatu ni bora."

"Hukuwepo," akasema tena, akaendelea kuchonga.

Siku ilipofika Nthoki alivaa nguo ya harusi za watu. Hakimu alikuwa mama wa makamo, miwani kwenye ncha ya pua. Ndolo akaletwa kwanza, anatembelea fimbo. Akaapa kwamba alikuwa amepita tu, akasikia kiu, akainama kwenye mfereji, akapigwa. Mativo akaambiwa anaweza kumuuliza maswali. Akasimama, akafikiri.

"Mguu unaendeleaje?"

Korti ikacheka. Ndolo akaangalia fimbo yake. "Unapoa, mzee."

"Nashukuru," Mativo akasema akakaa. Hilo ndilo swali lake pekee.

Kisha akajitetea, kwa maneno machache, kama mlivyoyasikia hapa ukitoa chumvi yangu. Akamwambia hakimu kuhusu furushi. Alama ipo, mheshimiwa, akasema. Mshale wa kwanza ulitoboa cherehani ya jirani yangu, na cherehani ilikuwa ndani ya nyumba. Kijana alikuwa ameishika. Anayetaka na aje aone tundu.

Hakimu akaandika. Nikaona hata mwendesha mashtaka ameacha kuchezea kalamu. Nikambana Nthoki kiwiko. Kesi ilikuwa imesimama juu ya furushi lile, na furushi lilikuwa mkabala na mlango wangu.

Mulongo akaitwa. Suti ya kanisa, Biblia mkononi kabla hata hajapewa.

"Siku hiyo ulikuwa wapi?"

"Nyumbani kwangu, mheshimiwa. Mimi na mke wangu tulijifungia."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamwangalia Mativo. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, kama anavyofanya mbao ikipasuka mahali ambapo haikupaswa.

"Hukuwa nyumbani kwa mshtakiwa?"

"Hapana. Tulisikia tu kelele. Huko nje, upande wa mfereji."

"Amesema mliweka cherehani kwake."

Mulongo akatabasamu tabasamu la mtu anayemwonea mwenzake huruma. "Mheshimiwa, Mativo ni jirani mzuri. Nadhani ni woga wa jela."

Hakimu akamtafuta Everline kwa macho, akaamuru aletwe mbele, akaapishwa.

"Mama, una cherehani?"

Everline akamwangalia mumewe. Akamwangalia Mativo. Halafu akaangalia sakafu.

"Sina, mheshimiwa. Sijawahi kuwa nayo."

Na hilo lilikuwa neno la pekee la kweli lililotoka katika nyumba ile siku hiyo, na ndilo lililomfunga.

Hakimu alivua miwani. "Mativo, sheria haikukatazi kulinda nyumba yako. Ungekuwa na mtu mmoja tu wa kuniambia kijana huyu alikuwa ndani ya mlango wako, ungerudi kazini kwako leo. Una la kusema?"

Mativo alimwangalia Mulongo. Sikuona hasira. Alimwangalia kama mtu anayetafuta alama mahali alipozoea kuiona. Mulongo alikuwa anafungua Biblia.

"Sina," Mativo akasema. "Ila mishale, ikiwa imekwisha kazi, naomba irudi kwa mke wangu."

Haikurudi. Uta wa babake na mishale yote vikawa mali ya serikali, naye akaenda jela miezi minne. Mimi nilimtukana Mulongo kwa lugha ya kwetu mbele ya laini nzima, nikimtajia ukoo kwa ukoo, na akaingia ndani akafunga lile komeo lake jipya. Rufaa? Nilipojifunza neno hilo, muda wake ulikuwa umekwisha pita.

Alitoka Juni, wakati wa Kombe la Dunia. Na hapa ndipo mtashika vichwa.

Laini yetu ilikuwa imepata televisheni. Ya Mulongo. Kubwa, ya rangi. Alisema ameinunua kwa mkopo wa kiwandani, na kwa kuwa mpira hauna dini wala chuki, watu walikuwa wanajaa kwake kila jioni, wengine wakitazamia dirishani. Mimi sikuingia. Nilisikiliza nikiwa mlangoni kwangu, na nawaambia bao husikika hata ukiwa umenuna.

Mativo alifika jioni, amenyolewa, amekonda, anabeba mfuko wa karatasi. Nthoki alikuwa ameenda kuchota maji. Mativo alisikia kelele, akadhani kuna sherehe, akabisha kwa Mulongo. Watu wakageuka. Kisha mmoja akampisha kiti cha mbele kabisa, kwa heshima, kwa aibu, sijui. Mulongo akaanza kueleza habari za ofsaidi kwa sauti kubwa sana.

Mativo hakuangalia mpira. Aliangalia ubavu wa televisheni, ile plastiki nyeusi. Palikuwa na tundu dogo la duara, limezibwa kwa nta ya mshumaa. Akaweka kidole gumba juu yake. Akakiacha hapo. Kipindi cha kwanza hakijaisha akainuka, akasema, "Asanteni kwa mchezo," akaja kugonga kwangu.

"Bwire," akaniambia, "nimeona mshale wangu wa kwanza ulipoingia."

Yote yakafunguka kwa mara moja. Furushi la mraba. Ndolo aliyekwenda moja kwa moja. Hawakuwa wezi waliokuja kumwibia Mulongo, walikuwa wenzake waliokuja kudai fungu. Waliibeba pamoja kutoka dukani, yeye akawatoroka nayo vichochoroni. Na asingeweza kusimama kortini kusema nilikuwa ndani, kwa sababu hakimu angeuliza swali linalofuata. Kwa hivyo alichagua, mtu wa kwetu. Alichagua mpira.

Nilichukua koti. Nikasema twende polisi sasa hivi.

"Kufanya nini? Miezi yangu watanirudishia?"

"Wamfunge na yeye."

"Na Triza ale wapi?" Akakaa kwenye kigoda changu, akaangalia mikono yake. "Nilimwomba mkewe msamaha, Bwire. Kwa ajili ya cherehani." Alirudia hilo mara kadhaa, polepole, na sikuwa na kichekesho cha kumpa. Mimi, Bwire.

Kesho yake alitafuta kipande cha mpingo. Alichonga kutwa, kitu kidogo kuliko kidole, akikipima kwa jicho. Jioni watu wakiwa wamejaa kwa Mulongo, aliingia bila kubisha, na mara hii mimi nilikuwa nyuma yake. Akapita katikati ya watu, akakwangua ile nta kwa ukucha, akatia kizibo chake cha mpingo ndani ya tundu, akakigonga kwa kitako cha kiganja. Kikakaa kama kimezaliwa nayo. Juu yake alikuwa amechonga mistari miwili na mwezi mchanga.

Laini nzima iliijua ile alama. Walikuwa wameikwepa kwa macho siku afisa alipoinua mshale.

Mtangazaji peke yake ndiye aliyeendelea kupiga kelele. Mzee mmoja akainuka akachukua kofia yake. Mama wa maandazi akamshika mtoto mkono. Wakatoka mmoja mmoja, bila kuaga, mpaka tukabaki wachache, na Mulongo bado amekaa, anaangalia mpira ambao hauoni. Aliyeizima ni Everline.

Kabla mwaka haujaisha walihamia Kayole. Everline alipita kwa Nthoki kuaga, ndipo aliposema aliyoyasema. Mulongo alitangulia na mkokoteni, televisheni juu kabisa imefunikwa blanketi lilelile. Kile kizibo nasikia hakijatoka, akijaribu kukichokoa plastiki inapasuka.

Na mwaka huu wa tisini na tisa, nyinyi mnaouliza kama watu hujuta, ngojeni niwaambie. Jumapili moja baada ya kanisa tulikuwa tumekaa hapahapa, na nani akatokea kutoka barabarani, kwa miguu, kutoka Kayole yote? Mulongo. Jogoo mwekundu kwapani. Laini nzima ikatoka milangoni. Akaja mpaka mbele ya ubao huu, machozi yanamtiririka mpaka kwenye kola, akapiga magoti juu ya vumbi la mbao, akamshika Mativo miguu akasema, "Baba Nthambi, ndugu yangu, nimekuja ku..."

"Hakuja, Bwire," amesema Mativo, hajainua macho kutoka kwenye kijiko.